Mwongozo kamili: jinsi ya kukagua bajeti ya usalama ya Nairobi, kuanzia zimamoto hadi taa za mtaani

Kila mwezi wa Mei naona jambo lile lile. Wakaazi wanafika kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti wakiwa na uchungu wa kweli: nyumba zimeungua, mgonjwa amekata roho akisubiri ambulensi, mama kaporwa kwenye kichochoro chenye giza. Wanasimama, wanasema "tunataka usalama," wanapigiwa makofi. Juni 30 ikifika, hakuna hata shilingi moja iliyohama.

Bidii wanayo. Tatizo ni kwamba wanaomba kitu ambacho kaunti haina mamlaka nacho, au wanakuja wakati viwango vimeshafungwa, au wanasoma pesa zilizotengwa bila kuuliza zilizotumika. Karibu wote hawataji mstari wa bajeti wanaotaka ubadilishwe.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye mhasibu. Hesabu zake ni za kugawanya na kuzidisha tu.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Makadirio ya bajeti ya kaunti ya mwaka unaokuja na ya mwaka unaoendelea. Hutoka kwa sura mbili: moja imepangwa kwa programu na malengo, nyingine inaonyesha kila mstari na namba yake. Unahitaji zote mbili.
- Bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti yanayofanywa mwaka ukiwa unaendelea. Chukua ya mwaka unaoendelea na ya mwaka uliokwisha, kama ilipitishwa.
- Waraka wa Mkakati wa Fedha wa kaunti.
- Ripoti za Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) kuhusu kaunti, ile ya mwaka mzima na zile za robo mwaka.
- Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu Nairobi. Katiba inamtaka aitoe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha.
- Daftari la mistari, kikokotoo cha simu na kalamu za rangi mbili.
- Watu watatu. Mmoja awe mvumilivu wa Kiingereza cha serikali, kwa kuwa nyaraka nyingi ziko katika lugha hiyo. Wa pili awe mwepesi wa hesabu. Wa tatu awe mkaazi wa siku nyingi anayejua ni taa ipi haiwaki na tangu lini.

Tenga wikendi mbili za kusoma na asubuhi moja ya kutembelea kituo. Ukijaribu kuyamaliza yote usiku wa kuamkia kikao, utaishia kusoma jumla pekee, na jumla haisemi chochote.

## Hatua ya 1: Tenganisha kazi za kaunti na za serikali ya kitaifa

Hapa ndipo maoni mengi hufia. Mwaka wetu wa kwanza kikundi chetu kiliandika kurasa kumi na moja kuomba kituo cha polisi. Karatasi zilipigwa muhuri, zikaishia hapo, na haki yao, kwa sababu polisi si kazi ya kaunti.

Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili. Kaunti imepewa zimamoto na kukabiliana na majanga, ambulensi (chini ya afya), barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Huduma ya Taifa ya Polisi inalipwa na serikali ya kitaifa. Kero yako ikiwa ni polisi, ipeleke kwa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti iliyoundwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, au kwa mbunge wako. Usiitie kwenye maoni ya bajeti ya kaunti.

Kwenye barabara pia kuna mtego. Thika Road iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na barabara nyingine kubwa za jiji ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Zote mbili ni za serikali ya kitaifa. Taa iliyozimika huko hutaipata kwenye makadirio ya kaunti. Kabla ya kulalamikia taa, uliza barabara ni ya nani.

Halafu kuna neno "usalama" lenyewe. Idara yenye jina hilo huenda imebeba zaidi mishahara ya askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, ambao kazi yao ni kusimamia sheria ndogo za jiji. Ukiona fungu la "usalama" limepanda, usishangilie mpaka ujue limepanda kwa ajili ya nani.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ukurasa mmoja wenye safu mbili, ya kaunti na ya kitaifa, na kila kero ya mtaa wenu imekaa upande wake.

## Hatua ya 2: Jua uko wapi kwenye kalenda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe hizi kwa kaunti:

- Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umefika bungeni, yaani bunge la kaunti.
- Septemba 30: tathmini ya mwaka uliokwisha iwe imewasilishwa.
- Februari 28: Waraka wa Mkakati wa Fedha uwe umefika bungeni.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yawe yamefika bungeni.
- Juni 30: bajeti iwe imepitishwa.

Tarehe ambayo wakaazi hawaijui, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni Februari 28. Waraka wa Mkakati wa Fedha ndio unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara haiwezi kuvuka. Bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuupitisha. Baada ya hapo mnabishania vipande vya keki iliyokwisha kukatwa.

Kwa hiyo, ukitaka zimamoto ipate pesa zaidi kwa jumla, zungumza Januari na Februari. Ukija Mei, omba pesa zihamishwe ndani ya idara ile ile. Ombi la kwanza likiletwa Mei hufa hata likiwa la haki.

## Hatua ya 3: Pata nyaraka, na usizungushwe

Anza na tovuti ya kaunti, ya bunge la kaunti, ya Msimamizi wa Bajeti na ya Mkaguzi Mkuu. Ripoti za hao wawili wa mwisho hupatikana kwa urahisi zaidi. Makadirio yenye mistari ndiyo hupotea.

Yakipotea, andika barua. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu. Andika hivi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya makadirio ya bajeti ya mwaka wa fedha (taja mwaka), yenye mistari yote ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo, kwa idara zinazosimamia zimamoto, majanga, ambulensi na taa za barabarani. Naomba pia bajeti ya ziada ya mwaka huo. Nakala ya kielektroniki inatosha."

Taja nyaraka kwa jina. Ukiandika "habari zote kuhusu usalama" umempa afisa ruhusa ya kukujibu kwa kijitabu cha picha.

Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu kama kazi ni kubwa. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Hapo peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman. Hakikisha nakala yako ya barua ina muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huna barua.

## Hatua ya 4: Kusanya mafungu yaliyotawanyika

Hutapata ukurasa mmoja ulioandikwa "usalama wa wananchi." Zimamoto imekaa kwenye idara moja, ambulensi iko kwenye afya, taa ziko kwenye uchukuzi na ujenzi. Taa nyingine zimo kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Wadi, na Nairobi ina wadi 85. Majina ya idara nayo hubadilika uongozi unapobadilika, kwa hiyo usitafute jina la mwaka jana. Tafuta programu na kazi inayofanywa.

Ukilinganisha na miaka ya nyuma, kuwa mwangalifu na kipindi cha kati ya Machi 2020 na Septemba 2022. Wakati huo afya, uchukuzi, mipango na ujenzi wa umma vilikuwa mikononi mwa Nairobi Metropolitan Services, chombo cha muda cha serikali ya kitaifa. Ukiona mstari wa ambulensi au taa umeshuka ghafla na kupanda tena, usikimbilie kusema pesa ziliibwa. Linganisha miaka ya baada ya hapo.

Tafuta pia Mfuko wa Dharura wa Kaunti. Sheria inaruhusu uwepo, na inataka malipo yanayotoka humo kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Andika maswali mawili: je, upo, na una kiasi gani?

Mwishoni uwe na ukurasa mmoja wa daftari kwa kila huduma, na namba ya ukurasa wa makadirio pembeni mwa kila kiasi. Namba ya ukurasa isikosekane. Ndiyo itakayokuokoa afisa akikuambia "hiyo haipo."

## Hatua ya 5: Vunja kila huduma iwe mnyororo

Ukichoka na kusoma hatua nyingine zote, isome hii. Gari la zimamoto hununuliwa kwa mstari mmoja wa bajeti na hubaki hai kwa mistari mingine saba. Mmoja ukikatika, gari ni pambo lenye king'ora.

Jifunze namba kwanza. Mistari inayoanza na 21 ni mishahara na marupurupu. Inayoanza na 22 ni bidhaa na huduma. Inayoanza na 31 ni mali inayonunuliwa au kujengwa. Namba hizi ni zile zile serikalini kote, kwa hiyo ukizijua Nairobi unaweza kusoma bajeti ya Machakos. Kwa zimamoto, weka alama kwenye hizi:

- 3110700, ununuzi wa magari, na 3111100, mitambo maalumu
- 2211200, mafuta ya magari
- 2220100, matengenezo ya magari
- 2211016, sare na mavazi ya kazi
- 2210700, mafunzo
- 2210900, bima
- 2210200, mawasiliano

Kwa rangi ya pili, weka alama kwenye 2210300 (safari za ndani), 2210400 (safari za nje) na 2210800 (takrima na vikao). Utazihitaji kwenye hatua ya 9.

Watu. Bajeti husema "tutanunua magari mawili" na husahau nani atayapanda. Fanya hesabu hii. Mwaka una saa 8,760. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki hutimiza saa 2,080 kwa mwaka. Ondoa siku 30 za likizo, ondoa sikukuu za taifa, anabaki na takribani saa 1,750. Gawanya 8,760 kwa 1,750, utapata 5.

Maana yake ni kwamba kila kiti kwenye gari linalokaa tayari usiku na mchana kinahitaji waajiriwa watano. Gari la watu watano linahitaji 25, na magari mawili mapya ni watu 50. Sasa rudi kwenye mistari ya 21 uangalie kama mishahara imepanda. Kama haijapanda, magari hayo yataendeshwa na watu wale wale waliochoka, au yataegeshwa.

Maji. Tuseme gari limebeba lita 5,000 na mipira miwili inatoa lita 500 kila mmoja kwa dakika. Maji yameisha kwa dakika tano. Wakaazi wengi hupiga kelele "walikuja bila maji!" kumbe maji yaliisha kabla ya moto. Ndiyo maana haidranti, yaani mabomba ya barabarani ya kujazia magari ya zimamoto, ni nusu ya zimamoto. Nayo huungwa kwenye mtandao wa kampuni ya maji, kwa hiyo gharama zake huenda hazimo kabisa kwenye fungu la zimamoto. Uliza kwa maandishi: nani anatengeneza haidranti, kwa mstari upi, na ngapi zinatoa maji leo?

Mafuta na matengenezo. Gari la zimamoto hutumia mafuta hata likiwa limesimama, kwa sababu injini ndiyo huendesha pampu. Angalia 2211200 na 2220100 za miaka mitatu. Magari yakiongezeka huku mistari hii ikibaki palepale, mnyororo umekatika hapo.

Ukaguzi. Moto bora ni ule usiowaka. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, mahali palipokuwa pakijazwa gesi ambapo EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali. Hakuna gari lolote ambalo lingezuia ule mlipuko. Kinachozuia ni mkaguzi, usafiri wake na mamlaka ya kufunga mahali. Angalia ukurasa wa mapato: wafanyabiashara hulipa ada ya usalama wa moto. Linganisha kaunti inakusanya kiasi gani kwa jina la moto na inatumia kiasi gani, nje ya mishahara, kuukabili huo moto. Kama inakusanya zaidi ya inavyotumia, hiyo peke yake ni hoja ya kusimama nayo bungeni.

Ambulensi zifuate mnyororo ule ule: kanuni ya watu watano kwa kiti inashika, ongeza oksijeni, dawa na watu wa kupokea simu. Mnyororo wa taa una pingili tatu tu. Kuzisimika ni 31, umeme wake uko kwenye 2210100, na kubadilisha balbu na nyaya ni 2220200. Mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, inayosimikwa kwa mbwembwe na kuzimika baada ya miezi sita huwa na ya kwanza na haina hizo mbili nyingine.

Nionye hapa kuhusu neno "maendeleo." Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo, na sote tumezoea kudhani kwamba matumizi ya kawaida ni ulafi. Kwa zimamoto si hivyo. Jengo jipya la kituo ni maendeleo. Mzima moto aliyelipwa, mwenye mtungi wa hewa na gari lenye dizeli, ni matumizi ya kawaida. Ukilazimika kuchagua, mchague yeye.

Umefaulu ukiweza kunyoosha kidole kwenye pingili moja ya kila huduma na kusema: hapa ndipo panapokatika.

## Hatua ya 6: Linganisha kilichoidhinishwa, kilichorekebishwa na kilichotumika

Chora safu nne kwa kila mstari uliouwekea alama: kilichoidhinishwa Juni, kilichobaki baada ya bajeti ya ziada, pesa zilizotolewa, na pesa zilizotumika.

Chukua mfano wa kujifunzia tu. Matengenezo ya magari yaliidhinishiwa Sh12,000,000. Bajeti ya ziada ikashusha hadi Sh7,000,000. Zikatumika Sh3,000,000. Asilimia ikipigwa dhidi ya bajeti iliyorekebishwa, 3 kwa 7, inakuwa asilimia 43. Lakini ahadi mliyopewa Juni ilikuwa 12. Ukigawa 3 kwa 12 unapata asilimia 25. Robo tu. Bajeti ya ziada hupitishwa kimya kimya, hakuna makofi, na ndipo mistari isiyo na mtetezi hukatwa.

Safu ya "zilizotolewa" nayo ina kazi yake, na wengi huiruka. Pesa zisipotolewa kabisa, kosa liko kwenye makusanyo au hazina ya kaunti. Nairobi mara kwa mara hukusanya chini ya lengo lake la mapato, na pengo hilo lazima limwangukie mtu. Pesa zikitolewa na idara ikashindwa kuzitumia, kosa ni la idara: zabuni ilichelewa, au mpango haukuwepo. Hizo ni kero mbili tofauti, na ombi lako lazima liwe tofauti. Kumwongezea pesa mtu aliyeshindwa kutumia za mwaka jana hakumsaidii mtu yeyote. Huyo muulize ratiba ya zabuni.

Onyo: chunguza vipimo. Jedwali moja huandika shilingi kamili, lingine huandika mamilioni. Nimeona waraka mzuri ukichekwa bungeni kwa sababu ya sifuri tatu zilizopotea.

Ukikuta ripoti ya Msimamizi wa Bajeti imejumlisha idara nzima bila kufika kwenye mstari wako, rudi kwenye barua ya hatua ya 3 uombe taarifa ya matumizi ya mstari huo. Msikisie.

## Hatua ya 7: Angalia madeni

Nairobi imekuwa juu kabisa kati ya kaunti 47 kwa bili ambazo hazijalipwa. Kwa usalama hili lina maana ya moja kwa moja: gereji inayodai haiachilii gari, hata kama bajeti mpya imetenga pesa. Na bili za zamani hutakiwa zilipwe kwanza, kwa hiyo Sh10 milioni za matengenezo zinaweza kuwa zimeliwa na deni kabla ya Julai kuisha.

Uliza swali moja tu: kati ya kiasi hiki, ni kiasi gani kitalipa kazi mpya?

## Hatua ya 8: Nenda kituoni

Makaratasi yatakuambia nusu. Nusu nyingine iko kwenye vituo, kama kile cha Tom Mboya Street. Andika barua mapema, nendeni watu wawili au watatu, msalimie afisa wa zamu kwa heshima na mweleze mnataka kuisaidia idara yake ipate inachostahili. Wazima moto ni watu wanaoingia mahali wengine wanapotoka mbio. Wengi wao wana hamu ya kusikilizwa.

Uliza magari mangapi yapo na mangapi yanaweza kutoka sasa hivi. Kila zamu ina watu wangapi? Mitungi ya hewa ilijazwa lini, na mavazi yalinunuliwa mwaka gani? Haidranti ya karibu inayofanya kazi iko wapi?

Usipige picha bila ruhusa. Usirekodi mtu kwa siri. Na usimtaje kwenye waraka mfanyakazi aliyekueleza ukweli, kwa sababu anaweza kuupoteza mkate wake. Andika "tulipotembelea kituo tulielezwa," basi.

Rudi nyumbani ulinganishe. Makadirio yakisema magari sita na wewe umehesabu mawili yanayowaka, una hoja ambayo hakuna afisa wa bajeti anayeweza kuipangua akiwa kwenye kiti chake.

## Hatua ya 9: Andika waraka wa maoni wa ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja kwa kila ombi, na maombi yasizidi matatu. Wanakamati wanapokea rundo, na ule unaosomeka kwa dakika mbili ndio unaoshikwa.

Kila ombi liwe na mambo matano: fungu na namba ya mstari, historia ya pesa, athari, kiasi unachoomba, na pesa zitoke wapi. Hili la mwisho ndilo linalotenganisha waraka unaozingatiwa na ule unaofunguliwa na kufungwa. Bajeti lazima isawazike. Ukiomba bila kuonyesha chanzo, umemwachia mwingine kazi ngumu, naye ataiacha. Rudi kwenye ile rangi ya pili ya hatua ya 5. Mfano, kwa tarakimu za kujifunzia:

"Programu: zimamoto na kukabiliana na majanga. Mstari 2220100, ukurasa wa 214. Mwaka jana ziliidhinishwa Sh12,000,000, zikapunguzwa hadi Sh7,000,000, zikatumika Sh3,000,000. Tulipotembelea kituo tulielezwa kwamba magari mawili kati ya sita ndiyo yanayofanya kazi. Tunaomba mstari huu uongezwe kwa Sh5,000,000, zitoke kwenye 2210400 (Sh3,000,000) na 2210800 (Sh2,000,000) za idara hiyo hiyo. Tunaomba pia mstari huu usipunguzwe kwenye bajeti ya ziada."

Msiandike matusi wala siasa za gavana huyu na yule aliyepita. Hasira yenu ni halali, lakini kwenye ukurasa huu itachukua nafasi ya tarakimu.

Pelekeni kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa, na nakala kwa kamati ya bajeti na kwa mwakilishi wa wadi yenu. Pateni muhuri kwenye nakala yenu. Kwenye kikao, mmoja wenu azungumze dakika mbili, asome namba ya mstari kwa sauti, akabidhi karatasi, aketi. Wengine waliobaki wasirudie hoja hiyo. Wasome ombi la pili na la tatu.

Mwakilishi wa wadi akianza kuuliza "mmesema ukurasa wa ngapi?" mjue karatasi yenu imeanza kufanya kazi.

## Hatua ya 10: Fuatilia baada ya Juni

Bajeti ikipitishwa, pata ripoti ya kamati ya bajeti na utafute mstari wenu. Kama ombi limekataliwa bila sababu, andika kuuliza sababu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wakaazi haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa kaunti na kwa bunge lake, na kujibiwa.

Kisha weka tarehe tatu kwenye simu. Ya kwanza ni mwanzo wa Novemba, ripoti ya robo ya kwanza inapokuwa imekamilika: angalia kama mstari wenu umetolewa pesa. Ya pili ni wakati wowote mtakaposikia bajeti ya ziada imetajwa bungeni, iwe Novemba au Machi. Siku hiyo hiyo peleka nakala ya waraka wenu wa Mei pamoja na barua fupi ya sentensi mbili mkiomba mstari usiguswe. Ya tatu ni Januari 10. Kufikia hapo ripoti ya Mkaguzi Mkuu inatakiwa iwe imetoka, na Waraka wa Mkakati wa Fedha bado unaandikwa. Mna wiki saba kabla ya Februari 28, daftari lenye safu nne, na watu watatu wanaojua kulisoma. Safari hii ombeni kiwango cha idara chenyewe kipandishwe.